MASHINI YA ZAMANI HAICHUNGWI NDANI YA SANDUKU



Habari ya siku ya posho ile, ku chumba cha ordinatere, mumekwisha kuisikia, na kila mtu anaisimulia kwa namna yake. Basi tuiseme sisi wenyewe. Tulikuwa wanne wa kalasi ya tano. Tulipewa ufunguo kwa ajili ya kazi ya fiziki, na kazi ilipokwisha tulibaki kucheza. Mkubwa wa nidhamu aliingia, akaona ku kioo mtu mdogo anaruka juu ya shimo, akauliza: « Hii njo fiziki? » Tulinyamaza. Tangu siku ile chumba kimefungwa kwa wote, hata kwa wale ambao hawakucheza kitu, na wako na haki ya kutukasirikia.

Kosa letu tunalikubali. Tulitumia saa ambayo haikuwa ya kwetu, na msamaha tumekwisha kuomba. Lakini kuna neno moja lililosemwa pale mlangoni ambalo hatukulimeza. Ilisemwa kwamba ule mchezo ni takataka ya zamani ya Wazungu, na kwamba wale watu wazima wa Ulaya wanaokusanya mashini za namna ile wamekosa kazi ya kufanya. Sisi tunasema hapana, na tunaomba nafasi ya kueleza sababu.

Ile mashini ya kale jina lake ni ZX Spectrum. Hatuna yenyewe, tulikuwa na programu inayoiiga ndani ya ordinatere ya leo, iliyofika ndani ya kle ya mjomba wa mmoja wetu. Spectrum ilitoka Uingereza, ku kampuni ya Sinclair ya Cambridge, tarehe 23 Aprili 1982. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanasema kompyuta, sisi tumezoea ordinatere, lakini hii haikufanana na zile za chumba chetu hata kidogo. Ilikuwa kisanduku cheusi chepesi, chenye vifungo 40 vya mpira laini kama kifutio. Kioo haikuwa nacho: uliiunganisha na televizio ya nyumbani. Programu zilitoka ku kaseti, zile zile kaseti za nyimbo, kwa kinanda cha kaseti cha kawaida. Ile ndogo iliuzwa paundi 125, ile kubwa paundi 175, na kwa ordinatere ya wakati ule hiyo ilikuwa bei ya chini. Njo maana iliingia ku nyumba nyingi za watu wa kawaida. Milioni 5 na zaidi ziliuzwa.

Sasa hesabu, sababu tunataka ionekane kwamba tulikuwa karibu na fiziki kuliko ilivyodhaniwa.

Spectrum kubwa ilikuwa na kumbukumbu ya okteti 49,152. Okteti moja inachunga herufi moja. Basi kumbukumbu yote ni kurasa kama ishirini hivi zilizopigwa ku mashini ya kuandika, haipiti pale. Kioo chake kilikuwa na nukta 256 kwa upana na 192 kwa urefu. Zidisheni: 49,152. Hesabu ile ile! Maana yake, kama kila nukta ingepewa okteti yake ya rangi, picha moja tu ingekula kumbukumbu nzima, na mchezo wenyewe usingepata hata fasi ya kuweka mguu.

Watengenezaji walifanya nini? Kila nukta waliipa alama moja tu, inawaka ao haiwaki. Nukta 8 zikaingia ndani ya okteti moja, na jumla ikawa 6,144. Kiisha waligawanya kioo kuwa viraka 768, kila kiraka nukta 8 kwa 8, na kila kiraka kikapewa okteti moja ya kusema rangi ya wino na rangi ya karatasi, basi. Jumla okteti 6,912. Zaidi ya 40,000 zikabaki kwa kazi nyingine. Sisi tulipoifanya hesabu hii ku ubao wa chokaa tulipiga makofi, na tunasema kweli, ku somo la hesabu hatujapiga makofi mara nyingi.

Ubaya wake ni huu: kiraka kimoja hakiwezi kuwa na rangi tatu. Mtu mwekundu akipita mbele ya mti wa kijani, ao mti unageuka mwekundu ao mtu anageuka kijani. Waandishi wa michezo walihangaika nalo kila mmoja kwa akili yake. Ndani ya Knight Lore, mchezo wa 1984, kila chumba kina rangi moja tu juu ya weusi. Mtu anaweza kufikiri ni urembo, kumbe ni kulikimbia lile tatizo.

Mchezo wetu sisi ulikuwa Manic Miner, wa mwaka 1983. Aliuandika kijana mmoja, Matthew Smith, ambaye alikuwa hajafika miaka 20. Ni mchimbaji ndani ya vyumba 20 vya chini ya udongo. Anaruka, anakusanya funguo, na hewa inapungua mpaka inamuua. Sisi tulio na kaka na wajomba ku machimbo tuliona mara moja kwamba mwandishi hakupata kushuka ndani ya shimo la kweli. Lakini ile hewa inayopungua, hapo alisema kweli.

Tusidanganyane. Michezo mingi ya Spectrum ni mibaya. Mingine ni kuiga mwenzake, mingine haina maana kabisa, na sauti yake ni kama nzi ndani ya chupa. Hatusemi kila kitu cha zamani ni kizuri, maneno hayo tunawaachia wazee. Tunachosema ni kwamba ile mashini ilimfanya mtoto awe mtu wa namna nyingine kuliko simu inavyotufanya sisi. Simu ukiiwasha inakupa michezo tayari, na matangazo ya kununua. Spectrum ukiiwasha haikupi kitu. Inaandika jina la mwenye kuitengeneza, halafu inangoja umuri. Ukitaka mchezo, pakia kaseti, ao uandike wewe mwenyewe. Magazeti ya kule yalichapa programu nzima, mstari kwa mstari, na watoto walizinakili kwa vidole. Herufi moja ikikosea, mashini inakataa. Mwenzetu anayepiga stensili za gazeti hili anajua vizuri tunasema nini.

Sasa tuje kwa wakusanyaji, sababu njo wao waliotukanwa.

Vitu hivi vinakufa. Chini ya vile vifungo vya mpira kuna karatasi ya plastiki yenye mistari ya kupitisha umeme. Kwa miaka inakauka, inapasuka pale inapopindika, na vifungo havisikii tena. Kondansateri zinakauka nazo ao zinatoa maji yake. Vipande vya kumbukumbu vinaungua kama umeme wa ndani umekosea kidogo. Mtu anayechunga Spectrum kwa kweli ni fundi: anafungua, anapima, anayeyusha risasi, anabadilisha. Hata leo kuna watu wanaotengeneza zile karatasi za plastiki mpya, kwa mashini ambayo kazi yake ilisimamishwa miaka ya mwanzo ya 1990. Je, hao wamekosa kazi?

Na kaseti ni shida kuliko mashini. Ku kaseti ya Spectrum sifuri iliandikwa kwa mlio mfupi, na moja kwa mlio wenye urefu mara mbili. Mashini inaposikiliza inapima urefu tu: mfupi, mrefu, mfupi. Ku kingo za kioo mistari inakimbia, kwanza nyekundu na ya samawati, kiisha bluu na njano, na masikio yako yanapata makelele ya kukwaruza kwa dakika kama 5 kwa mchezo mkubwa. Mwisho inakuja okteti moja ya kupima. Kama haipatani na zote zilizotangulia, mashini inasema kaseti ina kosa, na unairudisha mwanzo. Mmoja wetu anasema hiyo ni adhabu kubwa kuliko ya kukata majani.

Kwa sababu programu ilikuwa mlio tu, iliweza kupita hata hewani. Ku Yugoslavia, kuanzia mwaka 1983, Zoran Modli wa Radio Beograd alizitangaza programu za ordinatere ndani ya kipindi chake, Ventilator 202. Wasikilizaji walitayarisha kaseti nyumbani, makelele yakapigwa ku redio, wakayanasa. Sisi ambao tunangojea redio kwa matangazo ya matanga na ya mitihani, jambo hili lilitufurahisha sana.

Lakini ule mlio unadhoofika. Unga wa sumaku unatoka ku utepe, mikanda ya vinanda vya kaseti inageuka kama lami. Mchezo usionakiliwa leo, miaka kumi mbele pengine hakuna wa kuusoma. Kwa hiyo watu wazima, wenye watoto na kazi, wanakaa usiku kupiga kaseti moja moja, wanageuza milio kuwa hesabu ndani ya ordinatere mpya, wanaangalia kama ile okteti ya mwisho inapatana. Hatuoni tofauti yao na yule anayenakili kitabu cha mababu kabla mchwa hawajakimaliza.

Hapa njo tunapofika ku kichwa cha maneno yetu. Kuna mkusanyaji mwingine, na huyo hatumfurahii. Ananunua kaseti isiyofunguliwa, na plastiki yake ya dukani, anaiweka ndani ya kabati la kioo, na bei inapanda. Feza ni yake, si mwizi. Lakini anachunga nini? Ndani ya ile plastiki mlio unaendelea kudhoofika, na hakuna anayejua kama mchezo ungali mle. Ili ajue, lazima apasue plastiki. Akipasua, bei inaanguka. Basi hataki kujua. Anachunga gamba. Ku makanisa yetu tumeviona vinanda vilivyofunikwa kitambaa kizuri na kufungwa kwa kufuli ili visiharibike: siku ya kufungua, panya walikuwa wamekwisha kuzaa ndani.

Ndani ya kundi letu mmoja anabisha. Anasema: karatasi, picha ya gamba, kitabu cha maelezo, hivi vyote vinaokoka mikononi mwa yule asiyegusa, na ninyi wenye kugusa kila siku njo mnaovunja. Tumemsikia. Kweli, mashini inayochezwa inachakaa, na ni vizuri chache zilale. Lakini ku Cambridge kwenyewe iko nyumba ya makumbusho, Centre for Computing History, na mle wageni wanakaa mbele ya mashini za kale na kuzicheza. Kama wao ambao kazi yao ni kuchunga wanaona hivyo, sisi tuko upande wao.

Tena, kucheza ni kusoma. Angalieni Jet Set Willy, mchezo mwingine wa yule Matthew Smith, wa 1984. Kampuni iliyouuza, Software Projects, iliahidi zawadi kwa atakayeumaliza wa kwanza. Kumbe haukuweza kumalizwa! Ukiingia ku chumba cha dari, programu inaharibu vyumba vingine, na baadaye unapovifikia unakufa bule. Kampuni mwanzoni ilijaribu kusema kwamba ilikusudia hivyo. Vijana wawili hawakukubali. Waliufungua mchezo, wakasoma hesabu zake za ndani, wakaona fasi ya makosa, wakabadilisha okteti chache tu, wakaumaliza na kupata zawadi. Kampuni ikatoa masahihisho. Mtu aliyeweka ile kaseti ndani ya plastiki yake asingelijua kabisa kwamba mchezo ni mgonjwa.

Jambo lililobaki ni gumu, nalo limetugawanya sisi wanne mpaka tukalala pasipo kuagana.

Ile programu na ule mchezo tulivipata bure, ku kle. Je, tuliiba? Dada mmoja wa kundi letu alisema tangu mwanzo: ndiyo. Sisi watatu tulimjibu kwa kelele. Hata watoto wa wakati ule walinakili sana. Jet Set Willy uliuzwa pamoja na karatasi ya rangi 180, na mchezo ulikuuliza rangi za fasi fulani mbele ya kukubali kuanza, sababu kunakili rangi kwa mashini ilikuwa shida wakati ule. (Stensili yetu nayo, mnaiona, inajua nyeusi tu.) Watoto walifanya nini? Walichukua kalamu za rangi, wakainakili kwa mkono. Tulimwambia hayo, tukadhani tumemshinda. Alisema: « Wengi wakiiba, njo inakuwa mali yao? »

Basi tulitafuta. Kampuni ya Amstrad ilinunua ordinatere za Sinclair mwaka wa 1986, na mwaka wa 1999 iliruhusu wanaotengeneza programu za kuiga waigawe ile programu ya ndani ya Spectrum, pasipo kulipa, mradi waseme ni ya nani. Kwa hiyo programu yetu ya kuiga haina shida. Michezo ni habari nyingine. Waandishi wengine wametoa ruhusa yao wazi. Kampuni zingine zimekataa. Zingine zimekufa, na hujui umuulize nani. Na hapo sisi wote wanne tunapatana kwamba yule anayenakili ili kitu kisipotee hafanyi ubaya, sababu pasipo yeye hata mwenyewe akirudi kesho hatakuta kitu cha kudai. Lakini Manic Miner haukupotea. Uko na wenyewe hata leo. Sisi hatukuwa tunauokoa, tulikuwa tunaucheza tu. Dada yetu alikuwa na haki.

Tumeufuta. Yule aliyekuwa amefika chumba cha 14 ameomba tuandike hapa kwamba alifika chumba cha 14.

Iko michezo mingine, mingi, ambayo waandishi wake wameiruhusu, na iko hata mipya, sababu watu wanaendelea kuandikia ile mashini ya 1982 mpaka leo. Mwaka wa 2024 kampuni ya Retro Games ilitoa mpya yenye sura ile ile na vifungo vile vile vya mpira, na michezo 48 ndani yake. Hiyo ni kwa wenye feza. Sisi tunaomba kidogo tu.

Tunaomba saa moja, siku ya posho, toka saa nane mpaka saa tisa mchana, wakati jenereta inawaka kwa kazi ya sekreteria, ili mafuta yasiongezeke. Mwalimu wetu wa fiziki amekubali kusimamia. Atakayetaka kucheza, kwanza aandike programu yake mwenyewe ya mistari 10 ku Spectrum ya kuigwa, nayo itembee. Isipotembea, anamwachia mwingine kiti.

Barua tumeipeleka kwa Bwana Prefe siku ya kwanza asubuhi, imetiwa sahihi na sisi wanne. Jibu bado. Na kama jibu ni hapana, tunaomba chumba kifunguliwe kwa wengine wote ku saa zao za masomo, na adhabu ibaki juu yetu wanne, sababu wao hawakuwako.